Lile Jambo: Mwongozo kwa Mratibu Asiyependa Kuaibika

Hongera, ndugu mratibu. Andiko la mradi limepita, mfadhili ametia saini, na gari jeupe lenye nembo mlangoni limeshaegeshwa chini ya mwarobaini. Kilichobaki ni kidogo: kuwafundisha vijana wa wilaya nzima ngono salama, kabla mwaka wa fedha haujafungwa, bila mtu yeyote kwenye mradi kulazimika kutamka neno ngono. Usitokwe jasho. Waliokutangulia wameifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30, wakastaafu na heshima zao, na baadhi wamejenga.

Mimi si mtaalamu. Nimekaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaogawiwa fulana. Kwa lugha ya ripoti zenu mimi ni "kijana aliyefikiwa", na kwa hesabu ya fulana nimefikiwa mara saba. Mbili nalalia hadi leo, moja imekuwa tambara la kupigia deki. Haya ninayokuandikia mengi nimeyaona kwa macho. Mengine nimeyapata kwa walionizidi bahati, yaani waliofikiwa na watu wanaojua kuchekesha.

Anza na msamiati

Neno lenyewe lina herufi tano, ni Kiswahili safi na lipo kwenye kamusi, ndiyo maana halifai. Una mengi ya kuchagua: kujamiiana, mahusiano, vishawishi, tabia hatarishi, mambo ya kikubwa. Ukibanwa sana, sema "suala mtambuka". Lakini lililo bora kuliko yote ni "tendo la ndoa", nalo litumie hasa kwa hadhira isiyo na ndoa. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa malezi alituonya kwa nusu saa nzima tusifanye tendo la ndoa. Jamaa mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sasa ni wakili, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi hatujaoa. Hilo la kwetu linaitwaje?" Alichapwa nne, na swali halijajibiwa mpaka leo.

Mtaani hawakusubiri kamati ya istilahi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, ugonjwa haukuwa na jina la Kiswahili. Wananchi wakauita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda, maana nguo na maradhi vilionekana kupita njia moja. Baadaye ukawa mdudu, ukawa ngoma, ukawa umeme, na aliyeupata akawa "amekanyaga miwaya". Hata zile herufi nne za Kiingereza, A, I, D na S, zilipewa kirefu chake: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Tazama kazi hiyo ilivyofanyika. Hakuna warsha, hakuna mshauri mwelekezi, na kirefu kilifika kila stendi ya nchi hii. Mradi wako hautafika huko, wala usijaribu. Wewe una kaulimbiu.

Waogopeshe

Hii hatua ni fupi. Chora fuvu na mifupa miwili, andika UNAUA kwa wino mwekundu, bandika kwenye zahanati. Bango lililokuwa kwenye zahanati ya kwetu lilipauka kwa jua hadi wino wa maneno ukafutika, likabaki fuvu peke yake linamchekea kila anayekuja kupimwa malaria. Unayetaka kumtisha kwa mchoro huo ni kijana anayepakia watatu kwenye bodaboda, usiku, mvua inanyesha, kofia ngumu ameitundika kwenye usukani. Ukimwambia habari ya hatari anakujibu kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ilitungwa kabla kinga hazijaanza kuuzwa dukani, lakini hatakusubiri umalize kumweleza.

Mtafute mgeni rasmi

Hapa ndipo penye moyo wa mradi, kwa hiyo usikimbie.

Siku iwe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani. Kodi tenti mbili: ya kwanza ya wageni, yenye viti vilivyovikwa vitambaa na maji ya chupa mezani. Ya pili usiikodi, vijana wamezoea jua. Mgeni rasmi awe mkuu wa wilaya. Akipata udhuru, aje mwakilishi wake. Naye akipata udhuru, aje mwakilishi wa mwakilishi, atakayesoma hotuba ileile iliyoandikwa "mimi kama mkuu wenu wa wilaya" bila kubadili nukta. Shughuli ni saa tatu, kwa hiyo atafika saa saba. Wakati wa kumsubiri, darasa la tano waimbe ngonjera kuhusu ugonjwa ambao mwalimu wao amekataa kuwaeleza unavyoambukizwa. Itifaki izingatiwe.

Hotuba ipangwe hivi: vijana acheni, mkishindwa kuacha, subirini, na kwa wale wanaoshindwa kabisa kabisa, basi ipo kinga. Kinga ije mwisho, kwa sauti ya chini, kama jina la ndugu aliyefungwa. Ukifanya hivyo utakuwa umeigeuza kondomu kuwa cheti cha kushindwa. Halafu boksi lake liweke wazi mbele ya meza kuu, utazame ni kijana gani atainuka mbele ya baba yake, shehe, mchungaji na mwalimu wa hesabu kwenda kuchukua cheti.

Ukweli usemwe, kuna mara moja mgeni rasmi alifanya kitu. Tarehe 14 Julai 2007, Dar es Salaam, Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani kuzindua kampeni ya taifa ya kupima VVU, na baada ya hapo watu walipanga foleni kwenye vituo ambavyo zamani walivipita wakiwa wameinamisha vichwa. Rais mwenyewe alitoa damu. Wewe mgeni wako usimpe wazo hilo, atakuuliza kama kuna posho yake.

Onesha kwa vitendo

Wafadhili wanapenda vitendo. Kuna siku walikuja shuleni kwetu, sekondari ya bweni, jina tuliache. Maswali tulishayaandika mapema kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye kofia. Mtaalamu alishuka kutoka mjini na katoni moja na begi. Kwenye begi ilitakiwa iwemo ile sanamu ya mbao ya kufundishia, lakini ama aliisahau kwenye semina ya wilaya nyingine, ama aliona haya kupanda nayo basi. Akaomba ndizi. Jikoni kwetu zilikuwepo ndizi za kupika, mbichi, zimepinda kama mundu. Mpishi akaileta moja, akauliza kama wageni watamenya wenyewe.

Mtaalamu akaishika ndizi kwa vidole viwili, akamtazama mkuu wa shule kuomba ruhusa. Mkuu akatazama dari. Basi akachana pakiti kwa meno, jambo ambalo nilikuja kusoma baadaye kwamba ndilo la kwanza kukatazwa. Mpira ukagoma pale kwenye kona ya ndizi. Akavuta, ukateleza, ukaruka juu ya safu ya mbele na kutua kwenye daftari la kiranja mkuu.

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka namna ile. Na hapo, ndugu mratibu, ndipo palipokuwa na nafasi ya maisha. Watu mia tatu, haya imewatoka, masikio wazi. Mtu mwenye mzaha mmoja tu mfukoni angetufundisha yote mchana ule. Mkuu wa shule akasimama, akasema, "Mmeona wenyewe, hata yeye imemshinda," akaamuru twende kwenye maswali.

Mwalimu wa zamu alivifungua vikaratasi kimoja kimoja, akasoma kimoyomoyo, akavikunja na kuvitia mfukoni. Kilichosomwa kwa sauti kilikuwa kimoja: je, mbu anaweza kuambukiza UKIMWI? Hawezi. Tulipiga makofi. Changu kilibaki mfukoni kwa mwalimu. Nilikuwa nimeuliza mtu anainunuaje dukani bila mama yake kujua.

Msanii akieleweka, mfungie

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dr Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuwa ameiteka Dar es Salaam na bendi yake ya Super Matimila, alitoa wimbo ulioitwa Mambo kwa Soksi. Hakuna aliyedhani ni soksi za kuvalia viatu. Mtu aliyekuwa akitingisha kumbi alikuwa akiwaambia watu wazima, wakiwa wamesimama na bia mkononi, kwamba mambo siku hizi ni kwa kondomu. Redio Tanzania, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa redio yenyewe, ilikataa kuupiga. Wimbo ukatembea kwa kaseti, ukapigwa baa, ukapigwa kwenye mabasi, na kondomu ikawa soksi kwa kizazi kizima. Leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Sijaona kituo kinachoitwa kwa jina la ofisa aliyeukataa wimbo.

Jambo la kusikitisha, kwa upande wako, ni kwamba redio hiyohiyo ilijirekebisha haraka. Mwaka 1993 ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye mke nyumbani aitwaye Tunu na mwanamke kila lori linapopumzika. Mkwaju hakuhubiri. Aliendesha lori, akala raha, akaugua, akafa, na nchi ikamsikiliza. Watafiti waliomba mitambo ya Dodoma isiurushe mchezo huo kwa miaka miwili ili wapate eneo la kulinganisha. Watu wa Dodoma wakakaa hadi 1995 bila Mkwaju, wakisikiliza vipindi vingine, kwa maslahi ya sayansi. Ilipohesabiwa, waliousikiliza mchezo walisema wamepunguza wapenzi na wameongeza kutumia kondomu kuliko wale wa Dodoma. Poleni, Dodoma.

Halafu akaja Fataki. Huyu ungekutana naye, mradi wako ungekufa siku hiyohiyo. Kuanzia mwaka 2008 redio zilirusha vipande vifupi vya mwanaume mtu mzima, mwenye gari, mwenye simu mbili, sauti imelainika kama mgando wa mafuta kwenye chapati, akimwinda msichana wa shule kwa lifti na chipsi kuku. Kila mara anakaribia, na kila mara kuna mtu wa kawaida anayeingilia kati, na Fataki anaondoka ameaibika. Ni hayo tu. Hakuna fuvu wala hotuba. Neno lilikuwa la baruti ya sherehe, ile inayolia mara moja na kubaki moshi, na mtaa ukalichukua mzimamzima. Binti akifuatwa kituoni na mzee mwenye funguo za gari, wenzake walikuwa wanasema neno moja tu, kwa sauti, na mzee anakumbuka ana kikao. Kwa mara ya kwanza aliyechekwa hakuwa msichana. Kampeni zote zilizonifikia kabla ya hapo zilikuwa zinamwambia yeye ajitunze, kana kwamba chipsi zinajinunua zenyewe.

Wakenya wana yao. Mwaka 2004 walikuwa na kampeni ya Nimechill, iliyowapa vijana ishara ya mkono na neno la Sheng, na kusubiri kukawa na ujanja ndani yake. Machi 2013 wakarusha tangazo la televisheni: mama mmoja sokoni anamshauri mwenzake mwenye mpango wa kando kwamba basi aiweke kondomu kwenye huo mpango. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, wakaja juu kwa sauti moja, umoja ambao si rahisi kuupata kwa jambo lolote lingine, na tangazo likaondolewa. Kuliondoa kulisaidia. Waliokuwa hawajaliona walilitafuta.

Na Uganda, miaka ya mwisho ya 1980, Museveni hakuanza na virusi. Alizungumza kama mfugaji: ng'ombe afungwe kwenye kigingi, ale majani ya pale pale, asizurure malisho ya watu. Waganda walicheka, na wakaelewa, maana kila mmoja wao aliwahi kumkimbiza ng'ombe wa aina hiyo shambani kwa jirani.

Wa nje uwaache

Utasikia habari za mbali, usizipe nafasi. Paris, 1 Desemba 1993, wanaharakati walilivisha kondomu ya rangi ya waridi jiwe la Obeliski pale Place de la Concorde, urefu wa mita 23 hivi. Usijaribu hilo na Sanamu ya Askari pale Samora, yule ana bunduki. India mwaka 2008 walitoa mlio wa simu unaoimba neno kondomu tupu mwanzo hadi mwisho, na nakuomba ufikirie ukiita msibani. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ziligawiwa kondomu 450,000, watu wakashangaa wanariadha wanapata wapi muda wa kukimbia.

Lakini yupo mmoja siwezi kumpita hivi hivi, Mthai Mechai Viravaidya. Huyu ni mchumi, msomi, mtu wa tabaka la juu, angeweza kabisa kuwa mgeni rasmi. Badala yake, kuanzia miaka ya 1970, alizunguka vijijini akiwashindanisha walimu kupuliza kondomu kama maputo. Aliwapa polisi wa usalama barabarani pakiti wakagawe. Alifungua mgahawa Bangkok ulioitwa Cabbages & Condoms, kwa hoja kwamba kondomu ziwe rahisi kupatikana kama kabichi sokoni, na ukimaliza kula huletewi pipi ya mnanaa, unaletewa ile nyingine. Wathai wakaanza kuziita kondomu "mechai", yaani mtu na heshima zake alikubali jina lake liombwe dukani. Alipokuwa serikalini mwaka 1991, redio na televisheni zote zikapewa amri ya kutangaza habari za UKIMWI kila saa. Wakati huohuo serikali ilibana madanguro yote: bila kondomu hakuna biashara. Makadirio yanayonukuliwa sana ni kwamba maambukizi mapya yalishuka kutoka 143,000 mwaka 1991 hadi 19,000 mwaka 2003. Maputo peke yake hayakufanya hivyo. Lakini amri ya serikali peke yake ingeanzaje, kama hakuna anayethubutu kulitaja jina la kitu kinachoamriwa?

Bibi asiitwe kwenye kikao

Nakuja kwenye kosa kubwa ambalo mradi usiokuwa makini unaweza kulifanya. Kwetu, baba na mama hawana mdomo wa kusema mambo haya na mtoto wao, na hilo si ushamba, ni mgawanyo wa kazi. Pwani yupo somo, yupo kungwi. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mtu wa unyago, anayepiga ngoma na kuwaambia wari yale ambayo mama zao wasingeweza. Bara kuna shangazi, mjomba, na juu yao wote kuna bibi. Bibi anamwita mjukuu wake "mume wangu". Anamuuliza mbele za watu kama kweli anataka kumwacha kwa ajili ya hivyo vitoto vya mjini visivyojua hata kusonga ugali. Hakuna anayekasirika, maana utani una leseni, na ndani ya utani huo linapita neno lolote.

Simsifu kungwi kwa yote. Mengi aliyofundisha yalikuwa ya kumfurahisha mume, na kinga haikuwemo. Lakini mdomo alikuwa nao. Remmy alikuwa nao, Fataki aliazima, Mechai aliutengeneza kwa mikono yake. Mkuu wa wilaya hana, wala mtaalamu wa mjini. Kwa hiyo wewe, kwa usalama wa mradi, endelea kumpa ujumbe yule asiyeweza kuusema. Kwenye waelimishaji rika fanya vilevile: chagua kiranja mkuu, mtoto wa mchungaji, asiyeambiwa siri na mtu. Kinyozi wa pale kona, anayejua mambo ya vijana wote wa kata hadi majina, asijue hata siku ya mafunzo.

Mambo ya kuficha

Yapo machache ambayo yakivuja, kijana hatakuja tena kwenye warsha. Kwamba pakiti ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na ina pengo dogo pembeni la kuchania kwa vidole. Kwamba mpira hauvumilii joto, kwa hiyo pochi ya mfuko wa nyuma na dashibodi ya gari si mahali pake. Kwamba mafuta ya mgando na ya nazi huudhoofisha kwa dakika chache, ilhali vilainishi vya maji haviudhuru. Kwamba ncha hubanwa kutoa hewa, na kuvaa mbili huongeza msuguano tu. Kwamba aliyepasukiwa na ana wasiwasi anazo saa 72 za kufika kituo cha afya kuanza dawa za kuzuia VVU, na akiwahi ndiyo bora zaidi. Kwamba anayeishi na VVU, akitumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kwamba tangu Bunge libadilishe sheria Novemba 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi.

Umeona? Aya moja. Warsha yako ni ya siku tatu na chakula. Utaijaza na nini?

Usambazaji

Kondomu za bure zifungiwe stoo ya ofisi ya kata, ufunguo akae nao mtendaji, mtendaji awe likizo. Serikali ya Uganda ilizigawa zake kwa jina la Engabu, yaani ngao, na mwaka 2004 zilipolalamikiwa kwa harufu zikarudishwa zote, nchi ikaingia kwenye uhaba huku mabango ya kuhimiza kuzitumia yakiwa bado yamesimama barabarani. Hali hiyo ni nzuri kwa ripoti, maana mabango yanahesabika.

Za kuuza zina mtihani wake. Lile swali langu la kwenye kofia nilikuja kulijibu mwenyewe, nimeshamaliza shule, kwenye duka la Mangi mtaani kwetu. Pakiti za Salama, tatu kwa pakiti, zilining'inia kati ya nyembe na viberiti. Brandi hiyo ilianza kuuzwa nchini miaka ya 1990, na aliyeichagulia jina hakuwahi kuwa kijana mwenye haya mbele ya kaunta. Nilisubiri wateja waishe. Nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, "Salama."

"Salama tu," akasema Mangi, "sijui wewe."

Nikarudia. Nyuma yangu, sijui alitokea wapi, Mama Rehema wa nyumba ya tatu akaitikia, "Salama, mwanangu! Mama hajambo?"

Nilirudi nyumbani na Panadol nne na wembe.

Ripoti

Hesabu fulana. Kama mkutano ulikuwa siku ya gulio, hesabu na gulio.

Kiambatisho

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kwangu likizo. Ana miaka 20, yuko chuo. Jioni tulikaa barazani, na mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Kijana akasogeza kigoda. "Mjomba, nikuulize kitu?" Nikamwambia uliza. Akauliza swali la mtu mwenye akili zake: pakiti iliyokaa kwenye gari la rafiki yake tangu Pasaka, bado inafaa?

Mimi mjomba mtu, mwenye leseni kamili ya mila, mwandishi wa mwongozo huu, nilikohoa. Nikaisikia sauti yangu ikisema kwamba hilo, kwa kweli, ni suala mtambuka.

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Joto linaharibu mpira," alisema. "Katupe, mume wangu, ununue nyingine. Na ukifika dukani sema kwa sauti, Mangi siku hizi sikio moja halisikii."